Lijamu Inayolia Kinywani: Nimeishika Jamani!

Ndugu yangu, vidole vyangu bado vinanuka shaba na mafuta ya ngozi, na sitaki kunawa! Nimetoka sasa hivi kwenye chumba cha matandiko cha ranchi moja huko Santa Ynez, California, na nisipokusimulia nitapasuka!

Nimeishika spedi. Spedi yenyewe! Lijamu ya mavakero, wale wachunga ng'ombe hodari wa California, warithi wa upandaji ulioingia na Wahispania mwaka 1769. Nzito, baridi, nzuri kupita kiasi! Mashavu yake yamenakshiwa fedha, maua na majani matupu, kidole gumba kinateleza juu yake wala hakitaki kutoka. Halafu unaigeuza, unakuta kipande kirefu, kipana cha chuma kimesimama katikati, kinapanda kuelekea kaakaa. Moyo unakuruka: hiki kinaingia kinywani kweli? Kinaingia! Farasi aliyefunzwa miaka na miaka anakibeba mwenyewe, katulia tuli, shingo kaikunja, vigwe vimelegea kabisa. Mpandaji anachezesha vidole tu, mkono wenyewe haujaondoka mahali pake, na farasi keshageuka! Na bado!

Humo ndani kuna kigurudumu kidogo cha shaba, na farasi anakizungusha kwa ulimi, krrr, krrr, krrr, kama nyenje wa usiku. Hakuna anayemwamrisha, anajiburudisha mwenyewe! Nilimsogezea sikio karibu kabisa na midomo, pumzi yake ya moto inanipiga shavuni, povu jeupe linamchuruzika, nywele zikanisisimka mwili mzima. Shaba inamtoa mate, na chuma kikiwa kilowevu hakimkwaruzi. Tena hicho chuma cha ndani kimeachwa kishike kutu makusudi! Kutu, ndugu yangu! Farasi wanaipenda ladha yake, wanailamba kwa raha zao. Na bado!

Kati ya lijamu na vigwe vya ngozi wameweka minyororo mifupi. Ukiitikisa, chwing! Uzito wake unampa farasi habari kabla hujavuta chochote, na akiinama kunywa maji, ngozi hailowi. Farasi ambaye bado anajifunza anavishwa pia bosali nyembamba ya ngozi mbichi iliyosukwa, imekaa puani chini ya hatamu, ina vigwe vyake peke yake. Pua inamfundisha mdomo pole pole, pole pole mno. Utaratibu wa watu wenye subira huo!

Sasa geukia ukuta wa pili, kwenye vifaa vya Kiingereza. Pelhamu! Lijamu moja, vigwe jozi mbili, na chini ya kidevu mnyororo wa pete bapa. Unausokota, unausokota, mpaka pete zote zinalala shwaa, laini kabisa, ndipo unautundika kwenye kulabu yake. Niliuzungusha kwenye kifundo cha mkono wangu, mwenzangu akavuta kigwe cha chini. Lo! Mkono wa lijamu ukarudi nyuma, mnyororo ukanishika, imara lakini bila kufinya, akaachia, ukalegea papo hapo. Ule wepesi wa kuachia! Ndio huo farasi anaousubiri, ndio unaomwambia "vyema, umenielewa". Ukiuvaa mkononi namna hiyo unaelewa yote kwa sekunde moja!

Na ujanja wao sasa! Pelhamu moja mnyororo umepitishwa kwanza kwenye pete za vigwe vya juu, usije ukafinya pembe za midomo. Nyingine umevikwa manyoya ya kondoo, mororo, mtamu, nilitamani kulala nao. Na bado!

Kinachonitia wazimu ni hiki: chuma chote kile, fedha yote ile, minyororo yote ile, kazi yake ni kuuwezesha mkono usifanye karibu lolote! Mkono mkali hapa ni ukatili mtupu, na ndiyo maana mavakero hawampi spedi mwanafunzi hata aombe vipi. Mkono mwepesi, lo, unazungumza na mnyama mkubwa vile kwa kunong'ona!

Basi nenda! Mtafute fundi wa hatamu au mwalimu wa farasi aliye karibu nawe, mwombe mnyororo wa kidevu, uvae mkononi, uvutwe, uachiwe. Halafu nipigie simu hapo hapo, maana najua utakuwa unapiga kelele, nami nataka kuzisikia zote!