Pongezi kwa Fundi Umeme wa Magari

Fundi wa injini husifiwa. Wa umeme hukumbukwa taa zikizima. Apewe haki yake. Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utamkuta kajikunja chini ya usukani wa Corolla ya miaka ya 1980, akifungua dashibodi ili abadili globu, bila kuvunja plastiki iliyokaushwa na jua. Kwanza huchomoa waya wa betri. Kisha hutoa waya wa spidi kwa kupapasa, maana hauonekani, na kuvuta geji nje polepole: nyuma yake kuna karatasi laini yenye njia za shaba, na ikichanika ni hasara. Globu hukaa kwenye soketi ndogo inayotoka kwa kuzungushwa kidogo. Za LED zina chanya na hasi. Moja ikigoma kuwaka, huigeuza tu.

Umahiri wenyewe uko kwenye taa ya chaji. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuamsha oltaneta hupitia globu hiyo hiyo. Ikiungua, betri inaweza isichajiwe. Mbabaishaji atakuuzia oltaneta nzima. Fundi huyu wa umeme huwasha swichi, hutazama kama taa hiyo nyekundu inawaka; isipowaka, hukutuma dukani ukanunue globu moja.