«Uimarishaji hasi» si adhabu: uhakiki wa istilahi moja ya saikolojia

Masomo ya saikolojia katika vyuo vikuu vyetu hutolewa kwa Kifaransa. Lakini mwalimu akishatoka darasani, wanafunzi wa hapa Lubumbashi huelezana kwa Kiswahili. Hapo ndipo dhana nyingine hupotoka. Makala haya yahakiki tafsiri moja tu iliyozoeleka mno, ile iitayo «renforcement négatif» adhabu.

Kosa hilo si dogo. Katika nadharia ya B. F. Skinner, kuimarisha ni kufanya tendo lizidi kutokea; kuadhibu ni kulifanya lipungue. Neno «négatif» halisemi kwamba jambo ni baya. Lasema kwamba kuna kitu kilichoondolewa. Mtoto analia usiku; mama anambeba; kilio kinakoma. Kesho mama atambeba upesi zaidi. Tendo lake limeimarishwa kwa kuondolewa kero. Je, nani amemwadhibu mama? Mtoto naye ameongezewa jambo, yaani kubebwa. Hivyo kulia kwake kumeimarishwa pia, ila kwa njia ya kuongeza.

Tusiwalaumu wanafunzi peke yao. Skinner mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliitumia istilahi hiyo kwa maana iliyokaribia adhabu. Katika kile cha mwaka 1953 alizitenganisha waziwazi dhana hizo mbili. Neno letu «hasi» nalo lafaa katika hesabu, lakini nje ya hesabu wengi hulisikia kama ubaya.

Twapendekeza basi «uimarishaji kwa kuongeza» na «uimarishaji kwa kuondoa». Ni istilahi ndefu, twakiri. Ila zajieleza zenyewe, na mwanafunzi halazimiki kuzikariri. Adhabu ibaki adhabu, nayo ina sura mbili hizo hizo: kuongeza fimbo, au kuondoa mchezo.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Wengi wa wanafunzi hao watakuwa walimu. Aliyefundishwa kwamba fimbo ni aina ya uimarishaji atachapa akidhani anajenga bidii ya kusoma. Kumbe anachokiimarisha ni utoro, maana mtoto akitoroka, fimbo humwondokea. Na mwalimu mwenyewe je? Akichapa, kelele hukoma kwa muda. Basi kesho atachapa tena. Mkono wake nao umeimarishwa kwa kuondoa, wala hajui, kwa sababu neno la kumwonyesha hivyo alilipokea likiwa limepinda.