Ufundi wa Kurudia Bila Kuchosha

Mpita njia akisikia wimbo, makofi na vishindo vya miguu kutoka darasa la tatu wakati wa kipindi cha Kiingereza, anaweza kudhani mwalimu anawaburudisha watoto mpaka kengele ilie. Akisimama dirishani kwa muda ataona kwamba kila kofi lina mahali pake, na kila neno linalorudi lilipangiwa kurudi tangu mwalimu alipoandika andalio la somo.

Neno la lugha ngeni halikai kichwani kwa kusikika mara moja. Mtoto sharti akutane nalo tena na tena, naye huchoka upesi kurudia jambo asiloona faida yake. Hapo ndipo ufundi huu unapoanza: kumrudishia neno lile lile huku kila mara akiwa na sababu mpya ya kulitamka.

Tuanze na wimbo. Katika Kiswahili, mkazo hutua karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Katika Kiingereza mkazo huhamahama, silabi zisizo na mkazo humezwa, na maneno mengi hukatikia kwenye konsonanti. Mwalimu anaweza kueleza hayo ubaoni kipindi kizima asieleweke. Katika wimbo, kofi huangukia silabi yenye mkazo, nyingine hupita mbio, na ulimi hufuata mdundo kabla kanuni haijatajwa. Carolyn Graham, mpiga piano wa jazi aliyefundisha Kiingereza New York, alilijua hilo vizuri. Mwaka 1978 alichapisha Jazz Chants, mkusanyo wa semi za mazungumzo ya kila siku zilizotiwa mdundo.

Hadithi hufanya kazi nyingine. Katika The Very Hungry Caterpillar, kitabu cha mwaka 1969 cha Eric Carle, kiwavi anakula siku baada ya siku na njaa haimwishi. Siku za juma, hesabu na majina ya matunda hurudi kwa mpango ule ule, hata mtoto akaanza kubashiri kinachofuata. Mwalimu hodari husita hapo hapo, akaliachia darasa limalizie. Mtoto aliyelelewa kwa "paukwa" na "pakawa" hahitaji kuelezwa kwamba msikilizaji naye ana kazi. Kitabu kisipokuwepo, kiwavi huchorwa kwenye manila, na embe likachukua nafasi ya tunda ambalo watoto hawajawahi kuliona.

Kisha mchezo. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanaujua ule wa nyama: anayeongoza hutaja mnyama, na wenzake huruka na kuitikia ikiwa analiwa. Mwalimu akitaja wanyama hao kwa Kiingereza, tayari amepata zoezi la kusikiliza. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alijenga mbinu nzima juu ya msingi kama huu: mtoto atii kwa mwili kwanza, maneno yatamjia baadaye. Mwenye haya halazimishwi kusema mapema, na mwalimu anaona palepale nani ameelewa. Anamwona pia yule anayechelewa kidogo kwa kuwa anamtazama jirani yake. Hamtaji jina. Mzunguko unaofuata anawaambia wote wafumbe macho, kisha anarudi polepole kwenye maneno yaliyomtatiza yule mmoja.

Hata usahihishaji huingia ndani ya mchezo. Mtoto akikosea, mwalimu hulirudia jibu kwa usahihi ndani ya maneno yake mwenyewe na kuendelea, asivunje ujasiri ulioanza kuota.

Nchini Tanzania, watoto wa shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili watakutana na masomo mengi kwa Kiingereza wakifika sekondari. Sarufi na uandishi watavihitaji sana, na vyote huwa vyepesi zaidi kwa sikio lililokwisha kuizoea lugha. Kwa hiyo anayemkagua mwalimu wa namna hii asipime ukimya wa darasa wala wingi wa kurasa zilizonakiliwa. Ahesabu ni mara ngapi mtoto wa dawati la nyuma amefungua kinywa, kisha achunguze mwalimu amefanya nini hata akapenda kukifungua tena.