Mwili Unaozunguka Chungu

Mfinyanzi wa gurudumu huketi, udongo ukizunguka mbele yake. Ladi Kwali, alipojenga mitungi kwa desturi ya Wagwari wenzake wa Nigeria, alizunguka yeye. Chungu kilitulia mahali pake. Mama akatembea kukizunguka, ameinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje, ukuta ukipanda kwa mwendo wa miguu yake.

Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisoma Uingereza, alikwenda kujifunza katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na humo gurudumu lilifundishwa. Odundo akawafuata akina mama waliojenga kwa mkono kama Ladi Kwali. Naona uamuzi huo ndio uliozaa kila chombo alichokijenga baadaye.

Odundo huanza na bonge la udongo. Ngumi hulitoboa katikati, vidole huvuta kuta juu, kisha misokoto ya udongo huongezwa mmoja baada ya mwingine, na kipande cha kibuyu hukwangua hadi maungio yapotee. Methali inatuhimiza kuuwahi udongo ungali maji, lakini hapa kuwahi ni nusu tu ya kazi. Msokoto ukiongezwa mapema, sehemu ya chini, ambayo bado ni laini, huelemewa na kubonyea. Ukichelewa, udongo mbichi haushikamani na uliokauka, na ufa hujitokeza. Mfinyanzi hukigusa chungu ili kujua kama kiko tayari. Hakuna saa inayoweza kumwambia.

Halafu huja kusugua. Jiwe laini hupita juu ya ngozi ya chungu, kisha hupakwa uji mwepesi wa udongo uliochujwa sana, na kusuguliwa tena. Mng'ao tunaouona ni udongo wenyewe, chembe zake zikiwa zimelazwa na kushindiliwa kwa mkono. Hakuna tabaka la kioo lililoyeyushwa juu yake, kwa hiyo hakuna pa kuficha kosa.

Moto ndio unaoamua rangi. Hewa ikipita vizuri tanurini, chuma kilichomo ndani ya udongo hutoa rangi ya chungwa iliyokolea. Odundo akitaka chungu cheusi, hukichoma tena kikiwa kimefungiwa pamoja na maranda, moshi ukikosa pa kutokea. Udongo ni uleule. Mara nyingine rangi hizo mbili hukutana kwenye tumbo moja, na hapo hata msanii mwenyewe hupokea alichopewa na moto.

Tazama maumbo ya vyombo vyake sasa: tumbo lililovimba, shingo ndefu iliyoinama kidogo upande mmoja, mdomo mpana kama ukingo wa kofia, vinundu vidogo vilivyopangwa kama pingili za uti wa mgongo. Pande zake hazilingani kikamilifu, na uhai umo humo, kwa sababu kila upande ulijengwa na mtu aliyesimama mahali tofauti. Wako wanaoviita sanamu wakidhani wanavipandisha hadhi. Mimi nasisitiza kwamba ni vyombo. Utupu wa ndani ndio ulioanza kujengwa, na ukuta ulifuata ngumi iliyousukuma kutoka humo.

Uingereza ilimtunuku Odundo cheo cha Dame mwaka 2020. Nigeria ilimweka Ladi Kwali nyuma ya noti ya naira 20. Nafurahia heshima zote mbili, ila ya noti hunigusa zaidi, kwani hupita mikononi mwa wauza vyungu wenyewe. Huku kwetu wapo akina mama wanaojenga vyungu bila gurudumu na kuvipeleka gulioni, nasi hununua bila kuuliza jina la aliyefinyanga. Ningependa vyuo vyetu vya sanaa viwaajiri akina mama hao kama walimu, wangali na nguvu za kuinama.