Urari wa Jeti Mbili: Kuusoma Mfumo wa Choki katika MGB

Jina lake ndilo la kwanza kupotosha. Neno "choki" lililoingia gereji zetu lina asili ya kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kukaba, na katika kabureta nyingi jina hilo linastahili: kifuniko hugeuka, njia ya hewa huzibwa, na injini baridi hupata mafuta mengi kwa kunyimwa hewa. Katika MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, hakuna kinachokabwa. Kabureta mbili za SU aina ya HS4, zilizofungwa katika magari ya muongo wa kwanza, huiacha hewa ilivyo na kuyashughulikia mafuta. Jeti, kijibomba chenye tundu la milimita 2.29, hushushwa kando ya sindano inayochongoka kuelekea chini, na kwa kuwa sehemu nyembamba zaidi ya sindano sasa ndiyo iliyo mdomoni mwa jeti, pete ya uwazi baina yao hupanuka. Kitabu cha mtengenezaji kilikuwa kiaminifu zaidi kwa fani ya kifaa hiki kilipokiita kidhibiti cha mchanganyiko.

Uzuri wake umo katika mpangilio wa matukio. Dereva huvuta kitasa kimoja na waya mmoja, lakini mvuto huo husimulia visa viwili kwa kufuatana. Kwanza kemu, kipande cha chuma chenye ukingo uliopinda, husukuma skrubu inayoifungua kidogo vali ya koo ili injini izunguke haraka zaidi, huku jeti ikiwa bado imetulia. Kitasa kikishatoka kiasi cha milimita 6 hivi ndipo jeti huanza kushuka. Wakati wa kukirudisha, usimulizi hupinduka: mafuta ya ziada hukoma mapema, na mzunguko ulioharakishwa husalia nyuma kuisindikiza injini. Mpangilio huu una hoja ndani yake. Petroli haigeuki mvuke vizuri katika chuma baridi, hivyo sehemu yake hubaki kama utando kwenye kuta za njia za kuingilia. Lakini shida hiyo hupungua kabla oili haijalegea vya kutosha, na katika kipindi hicho cha kati injini haihitaji tena kulishwa zaidi, inahitaji tu kutozimika. Kemu imeyasema hayo yote kwa umbo la ukingo wake.

Kisha kuna uwili. Baina ya kabureta hizo hupita mihimili miwili myembamba, mmoja wa vali za koo na mwingine wa jeti, nayo imeshikwa kwa vibano vya bolti. Msomaji aliyelelewa na arudhi ataona hapa ukwapi na utao, vipande viwili vya mshororo mmoja: kila kipande kina mizani yake, lakini urari haukai katika kimojawapo, hukaa katika kukutana kwao. Jeti moja ikitangulia nyenzake, silinda za upande mmoja hushiba na za upande wa pili huona njaa, na sikio lililozoea huipokea kasoro hiyo kama mshororo uliopungukiwa na mizani. Ndiyo maana marekebisho huanza kwa kulegeza vibano, kuhakikisha kila jeti imepanda hadi kuigusa nati yake, na kukaza baada ya hapo tu. Wala kazi hii haitangulii upimaji wa hewa na mchanganyiko. Nati ile ndiyo inayoweka kimo cha jeti katika safari ya kawaida, na choki haina la kusema mpaka kimo hicho kijulikane.

Hata hivyo, sehemu ninayoirudia zaidi ni ile ambayo ndani yake hakuna kitu. Kitasa kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, waya unapaswa kuwa na ulegevu wa takriban milimita 1.6 kabla ya kuanza kuivuta mikono ya jeti. Wengi huuona ulegevu huu kuwa uzembe, wakaukaza waya hadi usicheze, wakiamini kwamba ukazo ndio usahihi. Huo ni usomaji mbaya, na plagi zenye masizi meusi hushuhudia: injini inapotikisika waya huvutika, jeti hushindwa kurudi kamili, na gari hunywa mafuta ya asubuhi mchana kutwa. Ulegevu ule ni pumziko lililoandikwa kwa makusudi. Skrubu mbili za kemu nazo hufuata kanuni hiyohiyo. Injini ikiwa na joto na kitasa kikivutwa mpaka jeti zinakaribia kusogea, huwekwa kwa usawa hadi injini izunguke mara 1,000 hivi kwa dakika, lakini kitasa kikirudishwa ni lazima zibaki mbali kidogo na kemu.

HIF4 iliyochukua nafasi ya HS4 mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliificha kazi ya kuwasha baridi ndani ya mwili wa kabureta, kwa vali inayozunguka. Ilifanya kazi vizuri. Kwangu, ilipoteza usomekaji. Katika HS4 kila kiungo kiko wazi, na kukihakiki ni kukigusa. Nikimaliza kukaza hupitisha kidole chini ya kila jeti na kuisukuma juu. Isiposogea, kitasa kimerudi kweli.