Kitenzi "Kuoa" katika Safari ya Wimbo wa "Malaika"

Sehemu hii inahakiki wimbo wa "Malaika" kwa kulinganisha toleo lililorekodiwa na Fadhili William nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na lile la Miriam Makeba na Harry Belafonte la mwaka 1965. Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, alikutana na Belafonte jijini London mwaka 1959; ushirikiano wao uliufikisha wimbo kwa wasikilizaji wasiojua Kiswahili.

Katika toleo la Fadhili William, nafsineni ni kijana wa kiume anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Makeba hakukigeuza kitenzi hicho kuwa "kuolewa". Kwa kuwa katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, kauli ya kiume katika kinywa cha mwanamke, tena akiimba pamoja na mwanamume, inahamisha uzito wa wimbo: fedheha ya mposaji maskini inakuwa huzuni ya wapenzi wote wawili. Kitenzi kimebaki kilekile, maana imesogea.

Kwa hiyo, mjadala wa nani alitunga "Malaika", ingawa una uzito kihaki, hautoshi kueleza namna wimbo huo ulivyokua.