Madirisha ya Mjomba: Tulichong'oa na Tulichosahau

Nyumba ya mjomba, Kericho, njia ya Kapsoit, ni ya mawe ya miaka ya 1970, na madirisha yake ya chuma yalikuwa na umri huohuo. Kwa mbali ungesema yanataka rangi tu. Fundi alipodunga bisibisi kwenye pembe ya chini ya fremu, ikazama kama kwenye mkate. Kutu hujaza nafasi mara kadhaa ya chuma kilichoizaa: ilikuwa imeinua lipu, imepasua vioo viwili na kung'oa puti.

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na ukanda wake wa chai hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi ikinyesha alasiri, tena mara nyingi ikiwa na mawe. Hapa dirisha hujaribiwa na maji kabla ya kusifiwa kwa sura.

Fremu za zamani zilishikwa na vipande vya chuma vilivyozikwa ukutani kwa sementi. Ukizipiga nyundo, unaharibu ukuta. Fundi alizikata katikati kwa grainda, akazikunja kuelekea ndani, kisha akachomoa kila upande kwa tindo. Pale diski ingepita, rangi ilikwanguliwa kwanza ikiwa imeloweshwa, kwa sababu rangi kuukuu huenda ikawa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kila uwazi ulipimwa mara tatu kwa upana na mara tatu kwa kimo. Fundi alichukua kipimo kidogo kuliko vyote, akapunguza milimita 10. Fremu mpya ni za aluminiamu, ambayo hutanuka kwa joto karibu maradufu ya chuma, hivyo inahitaji nafasi ya kuchezea, nayo hujazwa silikoni. Kizingiti cha nje kilimwagwa upya kikiinamia nje, na chini ya ukingo wake kukachorwa mfereji mwembamba ili tone lidondoke kabla ya kurudi ukutani.

Mvua ya kwanza, reli ya chini ilijaa na maji yakamwagikia sebuleni. Mjomba alilaumu uhaba wa silikoni. Kumbe ilizidi: iliziba vitundu vya kutolea maji vilivyo upande wa nje wa reli. Msumari mmoja ulivizibua.

Kosa la pili lilikawia kujitokeza. Asubuhi vioo vilitokwa jasho, na pembe ya dari ikaanza kuota ukungu mweusi. Madirisha ya zamani yalikuwa na matundu ya hewa yasiyofungwa, juu ya vioo, yenye wavu wa mbu. Mapya hayakuwa nayo, na hakuna aliyeyaulizia tulipoagiza. Unyevu ndio ulioonekana. Hatari kubwa haionekani: usiku wa baridi jiko la makaa huingizwa sebuleni, na kaboni monoksaidi yake haina rangi wala harufu.

Ikabidi fundi arudi kutoboa ukuta uliokwisha kupakwa rangi, matundu mawili juu ya lenta kila chumba, akaweka wavu na kikinga mvua. Matundu yangeagizwa pamoja na fremu, kazi hiyo isingekuwepo.

Kila Julai mjomba alikuwa akiyaziba matundu ya zamani kwa gazeti. Haya mapya ameyaacha wazi, na jiko sasa linabaki barazani mpaka makaa yazimike.